Gati Lielealo

Mtu akiulizwa, "Watu wengi wakizingirwa na hatari kando ya maji, wahitaji nini ili waokoke?" atajibu upesi, "Wahitaji vyombo." Jibu hilo ni la kweli, lakini halikutimia. Vyombo vyaweza kufika tele, hata watu walio ufukoni wakaziona nyuso za mabaharia, na bado wasiweze kuokoka. Kisa chake ni nini? Ni kwamba kati ya nchi na chombo pana nafasi. Pengine nafasi hiyo ni hatua moja tu. Lakini kwa mzee, kwa mgonjwa, na kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni, hatua hiyo moja ni kama mto mzima.

Katika somo hili tutaona jinsi mafundi wanavyoiziba nafasi hiyo kwa gati lisilosimama juu ya nguzo, bali lieleao juu ya maji kama chombo chenyewe. Kwanza tutatazama siku tatu ambazo watu walihitaji sana mahali pa kukanyaga. Halafu tutatazama jinsi gati hilo linavyofanywa, kipande baada ya kipande, pamoja na hesabu zake.

Dunkirk, mwaka 1940

Katika Vita Kuu ya Pili, mwezi wa Mei mwaka 1940, majeshi ya Waingereza na Wafaransa yalisukumwa na Wajerumani mpaka pwani ya kaskazini ya Ufaransa, katika mji wa Dunkirk. Nyuma yao palikuwa na adui, na mbele yao bahari. Bandari ya mji ilikuwa imevunjwa kwa mabomu. Ufuko wa pale ni wa mchanga, nao washuka polepole sana, hata meli kubwa haziwezi kuukaribia. Basi askari waliingia majini mpaka kifuani na mabegani, wakangoja saa nyingi mashua ndogo ziwachukue na kuwapeleka kwenye meli zilizotia nanga mbali. Kazi ilikwenda polepole, na ndege za adui zilikuwa juu yao.

Ofisa mmoja wa jeshi la majini, Kapteni William Tennant, aliona kwamba upande wa mashariki wa bandari palikuwa na ukuta mwembamba ulioingia baharini zaidi ya kilomita 1. Ukuta huo ulijengwa kuzuia mawimbi, wala haukujengwa kufungia meli. Usiku wa tarehe 27 Mei aliagiza meli moja ijaribu kufunga pale. Meli ikafunga, ikapakia askari zaidi ya 900, ikaondoka. Tangu hapo meli nyingi ziliufuata ukuta huo.

Mahali pengine askari walitumia akili zao. Maji yalipokupwa waliendesha malori mpaka mchanga wa mbali, wakayapanga mstari mmoja, wakatandika mbao juu yake. Maji yalipojaa, malori yakawa gati, na mashua zikafunga kando yake.

Kazi ilipokwisha, tarehe 4 Juni, watu 338,226 walikuwa wameokoka. Katika hao, 98,780 walitoka ufukoni, na 239,446 walitoka bandarini, wengi wao kwa ukuta ule mwembamba. Yafikirini mambo haya. Ufuko ule ulikuwa na urefu wa kilomita nyingi, na nafasi ya kusimama watu elfu kwa elfu. Lakini ukuta mmoja, ambao watu wachache tu waliweza kupita sambamba juu yake, uliwaokoa watu wengi zaidi.

Hata hivyo ukuta huo ulikuwa na kasoro. Bahari ya huko hupanda na kushuka kama mita 5, lakini ukuta haushuki pamoja na maji. Maji yalipokupwa, meli zilikuwa chini sana, na askari walishuka kwa ngazi na mbao, mmoja mmoja.

New York, mwaka 2001

Tarehe 11 Septemba 2001, majumba mawili marefu ya mji wa New York yalibomolewa na ndege zilizotekwa nyara. Majumba hayo yalikuwa karibu na ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Treni zikasimama, madaraja na njia za chini ya maji zikafungwa kwa magari, na watu wengi sana wakakimbilia kando ya maji wakiwa wamejaa vumbi. Walinzi wa pwani wakatangaza kwa redio kwamba kila chombo kilichoweza kusaidia kije. Zikaja feri, zikaja stima ndogo za kuvuta meli, zikaja mashua za kila namna. Kwa muda wa saa 9 hivi, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya laki 3 na laki 5 walivushwa kwa maji.

Lakini pwani ile ilizungushiwa ukuta wenye kingo za chuma, ambao ulijengwa ili watu wasianguke majini. Siku ile ukuta uliowekwa kuwalinda watu ukawa kizuizi. Stima zilisukuma omo zao kwenye ukuta na kukaza mitambo ili zisirudi nyuma, na watu wakapanda juu ya kingo na kushuka kwa ngazi. Mahali pengine kingo zilikatwa kwa moto ili ipatikane njia. Vyombo vilikuwa tele, na mabaharia walikuwa hodari. Kilichopungua ni mahali pa kukanyaga.

San Francisco, mwaka 1989

Tarehe 17 Oktoba 1989, jioni, tetemeko kubwa la nchi lilipiga sehemu za San Francisco, katika nchi ya Marekani. Watu 63 walikufa. Daraja kubwa linalovuka ghuba kati ya San Francisco na Oakland halikuanguka lote, lakini kipande chake kimoja, chenye urefu wa mita 15 hivi, kilianguka. Kipande hicho kidogo kilitosha kulifunga daraja zima kwa muda wa mwezi mmoja. Watu waliozoea kwenda kazini kwa magari wakarudia njia ya babu zao, yaani njia ya maji, wakavushwa kwa feri.

Watu wa huko walijifunza jambo. Mwaka 2007 serikali ya jimbo la California iliweka idara maalum ya kusimamia feri za ghuba ile, na moja ya kazi zake ni kutengeneza mipango ya kuvusha watu siku za dharura. Magati ambayo feri zafunga mbele ya mji ni masanduku makubwa yanayoelea, na kufikia mwaka 2020 magati mengine mapya yalikuwa yameongezwa. Siku za kawaida hutumiwa na watu waendao kazini. Siku ya msiba yatakuwa mlango wa kutokea. Hii ni hekima kubwa, maana mlango usiofunguliwa kila siku huota kutu.

Kwa nini lielee?

Msomaji wa bara aweza kuuliza, "Kwa nini tusijenge gati la mawe lenye nguvu, likasimama imara?" Msomaji wa pwani ajua jibu. Katika pwani yetu ya Mombasa na Unguja, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Gati la mawe lakaa mahali pamoja. Maji yakijaa, sitaha ya chombo hulingana na gati. Maji yakipwa, chombo kimeshuka shimoni, na abiria hutazama chini kama mtu atazamaye kisimani. Tena kamba iliyokazwa wakati wa maji kujaa itakivuta chombo na kukiinamisha wakati maji yanapopwa, isipokuwa baharia ailegeze kila mara.

Gati lielealo halina shida hiyo. Chombo kikipanda, nalo hupanda; kikishuka, nalo hushuka. Hatua ya kuingia chomboni ni ile ile asubuhi na jioni. Na liko faida jingine: laweza kutengenezwa mahali salama, kisha likavutwa na stima mpaka mahali penye haja. Gati la mawe hujengwa kwa miezi na miaka. Lakini lile lieleao likiwa limekwisha kutengenezwa, laweza kuhamishwa kabla msiba haujazidi.

Sanduku na hesabu yake

Asili ya gati hili ni chelezo cha magogo, ambacho watu wa mito na maziwa wamekijua tangu zamani. Lakini magogo hulowa maji na kuoza. Kwa hiyo mafundi hutumia sanduku kubwa la chuma au la saruji yenye nondo, tupu ndani, lililofungwa pande zote.

Chuma ni kizito. Huelea namna gani? Karne ya 3 kabla ya Kristo, mwenye hekima wa Kiyunani jina lake Archimedes alionyesha kwamba kitu kikiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. Basi sanduku huzama mpaka limeondoa maji yenye uzito sawa na wake, hapo husimama.

Tufanye hesabu. Tuseme tuna sanduku la chuma lenye urefu wa mita 20, upana wa mita 8, na kimo cha mita 2. Na uzito wake ni tani 100. Kila sentimita 1 lizamayo huondoa maji ya urefu wa mita 20, upana wa mita 8, na kina cha sentimita 1, yaani mita za ujazo 1.6. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi. Kwa hiyo kila sentimita hubeba kilo 1,640. Tani 100 ni kilo 100,000. Tukigawanya kwa 1,640 twapata 61. Basi sanduku letu likiwa tupu litazama sentimita 61, na mita 1 na sentimita 39 zitabaki juu ya maji.

Sasa watu 100 wasimame juu yake, kila mmoja kilo 70. Hizo ni kilo 7,000. Tukigawanya kwa 1,640, twaona kwamba sanduku litashuka sentimita 4 na kidogo tu. Ajabu, sivyo? Watu mia wameongezeka, na gati limeshuka upana wa vidole viwili au vitatu.

Ndani ya sanduku hapana budi pawe na kuta zinazoligawanya katika vyumba visivyopitisha maji. Chombo kikiligonga gati na kulitoboa, chumba kimoja kitajaa, na vingine vitaliinua. Sanduku lisilo na kuta ni hatari mara mbili: maji yakiingia hukimbilia upande ulioinama, na kuzidi kuuinamisha.

Upana ndio usalama

Mwanafunzi asidhani kwamba kuelea kwatosha. Watu hawasimami kama mifuko ya mahindi. Chombo kikitokea, wote hukimbilia upande mmoja. Hapo swali si kwamba gati litabeba uzito au halitabeba. Swali ni kwamba litalala upande au litasimama.

Turudie sanduku letu lenye upana wa mita 8. Watu wote 100 wakienda kusimama karibu na ukingo mmoja, ukingo huo utashuka sentimita 15 hivi. Watu watauhisi mwinamo, lakini hapana atakayeanguka. Sasa tuchukue sanduku jingine lenye urefu ule ule, lakini upana wa mita 4 tu, na uzito wa nusu. Watu hao 100 wakikimbilia ukingo wake, utashuka kama sentimita 40. Sakafu itakuwa kama paa la nyumba. Watu watateleza, na wakiteleza watazidi kuulemea upande ule ule.

Kanuni yake ni hii: urefu ukiwa sawa, upana ukizidishwa mara 2, nguvu ya sanduku ya kukataa kulala huzidi mara 8, yaani 2 mara 2 mara 2. Kwa hiyo fundi mwenye akili akipewa chuma kichache, hutafuta upana kabla ya kutafuta urefu.

Jambo hili si la kuchezea. Tarehe 29 Aprili 1994, huko Mombasa, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuko, nayo ilikuwa imechukua watu kupita kiasi chake. Watu 272 walikufa. Nchi kavu walikuwa wakiiona kwa macho yao. Gati lielealo ni chombo, na sheria za maji zinazokihukumu chombo hulihukumu nalo.

Nguzo na nanga

Gati likielea tu bila kuzuiwa, mkondo utalichukua. Lakini likifungwa imara kabisa, halitapanda wala kushuka. Mafundi hutafuta namna ya kulizuia lisiende mbele, nyuma wala kando, na kuliacha huru kwenda juu na chini.

Namna ya kwanza ni nguzo. Nguzo ndefu za chuma hupigwa katika sakafu ya bahari, na gati huvikwa pete kubwa zenye magurudumu madogo, zinazoteleza juu ya nguzo hizo. Hapa pana jambo la kukumbuka: nguzo lazima ziwe ndefu kupita kiasi cha maji makubwa kabisa yanayotazamiwa, pamoja na yale yanayosukumwa na tufani. La sivyo, siku ya maji makubwa, gati litapanda mpaka pete zitoke vichwani mwa nguzo, nalo litakwenda zake, siku ile ile linapohitajiwa kuliko siku zote.

Namna ya pili ni nanga na minyororo, nayo hutumika mahali penye kina kikubwa, au penye sakafu isiyokubali nguzo. Mnyororo mmoja hautoshi. Huhitajiwa minyororo pande zote, kila mmoja ukiwa mrefu kiasi cha kulala chini kabla ya kuinuka. Gati likisukumwa, kwanza huuinua mnyororo mzito kutoka chini, na uzito wake hulirudisha taratibu bila kukatika kwa mshtuo.

Katika vita ile ile ya pili, Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliandika mwezi wa Mei mwaka 1942 kwamba magati ya kushushia jeshi ufukoni sharti yapande na kushuka pamoja na maji, na kwamba shida ya nanga sharti ishindwe. Mainjinia wakafanya kazi miaka miwili. Mmoja wao, Allan Beckett, alibuni njia ya chuma iliyolala juu ya vyelezo, pamoja na nanga ndogo yenye kushika sana. Mwezi wa Juni mwaka 1944 bandari mbili za namna hiyo zilivutwa kuvuka bahari mpaka pwani ya Normandy katika Ufaransa. Tarehe 19 Juni ilianza tufani iliyodumu siku kadhaa. Bandari ya Wamarekani iliharibika hata ikaachwa; ile ya Arromanches iliumia, lakini ilitengenezwa na kuendelea na kazi. Hapo twaona kwamba bahari hailiulizi gati, "Umepambwaje?" Huliuliza, "Umeshikwa na nini?"

Daraja la kupandia

Sasa tuna sanduku lililoshikwa vema. Lakini sanduku lapanda na kushuka, na nchi yakaa mahali pake. Basi tumeihamisha ile nafasi kutoka upande wa chombo tukaileta upande wa nchi. Huzibwa kwa daraja lenye bawaba. Upande wa nchi daraja hufungwa kwa bawaba kubwa, kama mlango uliolazwa. Upande wa gati hukaa juu ya magurudumu.

Magurudumu ni ya nini? Tuseme daraja lina urefu wa mita 24. Maji yakijaa, hulala sawasawa. Maji yakishuka mita 4, ncha yake hushuka, na ncha hiyo huvutwa kuelekea nchi kama sentimita 34. Kama ncha ingefungwa kwa misumari, daraja lingevunjika au lingelivuta gati.

Urefu wa daraja ndio unaoleta wepesi wa mshuko. Maji yakishuka mita 4, daraja la mita 12 litakuwa na mshuko wa 1 katika 3, ambao ni mkali sana. Daraja la mita 24 litakuwa na mshuko wa 1 katika 6, ambao mtu mzima aweza kuushuka akishika ukingo. Mlemavu katika kiti cha magurudumu ahitaji mshuko usiozidi 1 katika 12, yaani daraja la mita 48, au madaraja mawili yanayofuatana. Mtu akisema, "Gharama ni kubwa," aulizwe, "Je, siku ya hatari walemavu wabaki nyuma?"

Upana nao una hesabu yake. Tuseme kwa ngazi nyembamba mtu mmoja hushuka kila sekunde 5. Hao ni watu 12 kwa dakika. Tuseme kwa daraja pana mtu mmoja hupita kila sekunde. Hao ni 60 kwa dakika. Feri ya watu 300 itajazwa kwa dakika 25 kwa ngazi, na kwa dakika 5 kwa daraja. Kwa hiyo daraja jema moja lina faida ya kuzidisha vyombo: feri isiyongoja sana hurudi mara nyingi.

Mambo madogo yasiyo madogo

Vyombo vyote havina kimo kimoja. Sitaha ya feri kubwa iko juu, na ya mashua iko chini. Gati la dharura halichagui mgeni; kwa hiyo hujengwa na sehemu mbili au tatu za vimo mbalimbali, na vipande vyepesi vya mbao au chuma vya kutandika katikati. Ubavuni hufungwa matakia ya mpira, ili chombo kikija kwa nguvu kisitoboe wala kutobolewa. Juu yake huwekwa vigingi vya chuma vya kufungia kamba, lakini kando, ili watu wasijikwae. Sakafu hufanywa ya kukwaruza, maana chuma laini kikilowa ni kama utelezi wa matope. Kingo huwekwa pande zote isipokuwa penye milango, na ngazi za kushukia majini huwekwa pembeni, ili aliyeanguka aweze kupanda.

Tena siku ya hatari umeme hukatika. Gati linalotegemea mtambo ili kuteremsha daraja lake ni gati la siku za amani tu. Sharti kila kitu kiweze kufanywa kwa mikono ya watu wachache, gizani, na mvua ikinyesha. Taa zake ziwe na umeme wake zenyewe.

Adui wa kila siku ni kutu. Chuma hupakwa rangi nzito, na chini ya maji hufungwa vipande vya zinki, ambavyo huliwa na maji ya chumvi badala ya chuma cha gati. Vikiisha, hubadilishwa. Asiyevibadilisha huliwa gati lake.

Kulijaribu kabla ya siku yake

Gati likimalizika halipewi watu mara moja. Kwanza hupimwa tupu, ili kuona kama limezama kiasi kile kile kilichotoka katika hesabu. Likizama zaidi, ama hesabu ina kosa, ama pana mahali panapovuja. Halafu hupakizwa mifuko ya mchanga au matangi ya maji yenye uzito wa watu, yakawekwa kwanza katikati, kisha ukingoni, na mwinamo wake hupimwa. Halafu chombo huletwa kufunga na kufungua mara nyingi, maji yakiwa juu na maji yakiwa chini.

Mwisho huja watu, nao hufundishwa. Mlangoni mwa daraja husimama mtu mmoja wa kuhesabu, mwenye sauti ya kusikika. Idadi iliyoandikwa ikitimia, hufunga mlango, ingawa wanaolia ni jamaa zake. Watu wasubiri nchi kavu, si juu ya gati. Gati ni mahali pa kupita, si mahali pa kukaa. Wagonjwa na watoto wapewe njia. Watokao chomboni, kama wapo, wapite mlango wao, ili makundi mawili yasikutane darajani. Mambo haya yakifanyiwa zoezi mara kwa mara, miguu ya watu huyakumbuka hata akili zinapofadhaika.

Maana ya somo hili

Wale waliotandika mbao juu ya malori huko Dunkirk, na wale waliokata kingo za chuma huko New York, walikuwa watu hodari, nao wastahili sifa. Lakini kazi yao ilikuwa kutengeneza, katikati ya hatari, kitu ambacho kingeweza kutengenezwa siku za amani. Kila dakika waliyoitumia kutafuta mahali pa kukanyaga ilikuwa dakika ya mtu fulani aliyengoja.

Fundi alijengaye gati lielealo huitoa dakika hiyo mapema. Hukaa na kalamu yake siku ya utulivu, akahesabu sentimita na kilo kwa ajili ya watu asiowajua, ambao labda hawajazaliwa. Huenda gati lake likatumika miaka 30 kwa wachuuzi wa samaki na watoto wa shule, na asiwepo mtu wa kulisifu. Lakini siku ikija, mama mwenye mtoto mgongoni atashuka daraja, atavuka sakafu, ataingia chomboni kwa hatua moja ndogo, wala hatajua kwamba hatua hiyo ilipimwa zamani na mtu mwingine. Ndivyo ilivyo akiba: haimwozei mwenye kuiweka.

Maswali

1. Eleza kwa nini ukuta mwembamba wa Dunkirk uliokoa watu wengi kuliko ufuko mrefu. Ukuta huo ulikuwa na kasoro gani?

2. Sanduku lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, nalo laelea katika maji ya bahari. Litashuka sentimita ngapi watu 50 wakisimama katikati yake, kila mmoja akiwa na kilo 70?

3. Kwa nini nguzo za gati lielealo lazima ziwe ndefu kupita maji makubwa?

4. Maji ya mahali fulani hupanda na kushuka mita 3. Daraja liwe na urefu gani ili mshuko usizidi 1 katika 12?

5. Taja mambo matatu ambayo mlinzi wa mlango wa daraja apaswa kuyaangalia, na ueleze sababu ya kila moja.

6. Tazama kivuko au mto ulio karibu na kwenu. Watu wakilazimika kuvuka wote kwa siku moja, watakwama mahali gani kwanza?